Stameni za haibiskasi hazionekani, wekundu unamwagika: picha za karibu za maua nifanyeje?

Ticha_Bwiru

Wakuu, habari za jioni. Naandaa picha za sehemu za ua kwa ajili ya somo la Baiolojia sekondari, na sitaki za kupakua mtandaoni. Nataka maua haya haya tunayopishana nayo kila siku hapa Mwanza: haibiskasi nyekundu ya uzio, bogenvilia, lantana, alizeti, na ikiwezekana ua la gugumaji kule ufukweni. Bustani ipo Bwiru, kwenye mteremko wenye mawe makubwa.

Vifaa: simu yenye kamera kuu ya 50MP na ile ndogo ya "makro" ya 2MP, pamoja na DSLR ya Canon yenye lenzi mbili, 18-55 na 50mm f/1.8. Lenzi ya makro sina na bajeti yake haipo.

Shida zenyewe: haibiskasi inatoka doa jekundu tupu, mishipa ya petali haionekani. Nikisogea karibu, ncha inakuwa kali halafu vingine vyote ni ukungu. Na kamera ya makro ya simu inatoa picha dhaifu kuliko kamera kuu, jambo ambalo silielewi. Naomba maelezo ya kitaalamu lakini yanayotekelezeka.

KiooNyegezi

Mwalimu, kabla hujanunua chochote, badilisha pembe. Bomba la stameni (sehemu za kiume zinazobeba chavua) la haibiskasi linachomoza mbele ya petali kwa sentimita tano na zaidi. Ukilipiga uso kwa uso, linakuelekea wewe, na ncha yake, katikati yake na petali zinakuwa kwenye umbali tofauti kabisa. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayovishika vyote kwa mpigo. Zunguka ubavuni mpaka mgongo wa kamera uwe sambamba na bomba. Hapo stameni karibu zote zinakuwa umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, na petali zinabaki nyuma kama rangi tu.

Sasa kwa nini ukungu. Ile 18-55 ikiwa kwenye 55 na umesogea mwisho wake, inakupa ukuzaji wa takriban 0.3, yaani milimita 10 za ua zinachukua milimita 3 kwenye kihisi (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea mwanga). Kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linakuwa dogo) unapata kina cha fokasi, yaani unene unaotoka mkali, cha kama milimita 4. Inatosha kwa ua zima la lantana lililopigwa kutoka juu, haitoshi kuona chavua. Ukifika ukuzaji wa 0.9, kwa f/8 hiyo hiyo, kina kinashuka hadi takriban robo tatu ya milimita. Ndiyo maana unatakiwa uamue mapema ni kitu gani kimoja unakionyesha kwenye picha. Ukitaka kuonyesha kila kitu huonyeshi kitu.

Vya kununua: tyubu za kurefusha, zile pete tupu zisizo na kioo zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Zinauzwa kwa seti, kwa kawaida 12, 20 na 36mm. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa tyubu kwa urefu wa lenzi, jumlisha na ukuzaji wa lenzi yenyewe. Tyubu ya 36 kwenye 50mm ni 36 ÷ 50 = 0.72, ongeza 0.15 hadi 0.21 ya lenzi kutegemea toleo, unafika karibu na 0.9. Ua litakuwa chini ya sentimita 10 kutoka kwenye kioo.

Angalia mambo mawili unaponunua. Chukua zenye pini za umeme. Zisizo na pini ni za bei rahisi sana lakini kamera haiwezi kuongea na lenzi, kwa hiyo Canon yako inabaki wazi kwenye f/1.8, na kina chake hapo ni chini ya robo ya milimita. Kuna njia ya kuzunguka: weka f/8 kwenye kamera, bonyeza na shikilia kitufe cha kujaribu kina cha fokasi, fungua lenzi huku umeshikilia, tundu linabaki pale pale kwenye f/8. Inafanya kazi, ila kioo cha kutazamia kinakuwa giza na fokasi ni ya mkono tu. Jambo la pili, usiweke tyubu ya 36 kwenye 18-55 ikiwa kwenye 18. Fokasi itaangukia ndani ya lenzi na hutaona chochote. Watu wengi wanarudisha tyubu dukani wakidhani ni mbovu kwa sababu hii.

Mipangilio ya kuanzia: hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/8, sekunde 1/250, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 400 kwenye jua lililolainishwa, ISO 1600 kivulini. Usishangae ISO kupanda hivyo, kwa ukuzaji wa 0.9 mwanga unaofika kwenye kihisi ni chini ya theluthi ya ule wa kawaida. Usiende f/22 ukitafuta kina, picha nzima itapoteza ukali kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo. f/11 ndiyo mwisho wangu.

Zima fokasi ya otomatiki. Weka fokasi mwisho wa karibu, kisha sogeza mwili mbele na nyuma polepole huku ukipiga picha tano sita mfululizo. Moja itaangukia mahali pake.

Kwa kuwa ni picha za darasani, piga rula kwanza kwa mpangilio ule ule. Kama inaonyesha milimita 26 kutoka ukingo hadi ukingo, gawanya upana wa kihisi cha Canon, 22.3, kwa 26. Ukuzaji wako ni 0.86, na unaweza kuchora mstari wa kipimo kwenye kila picha iliyofuata bila kubahatisha.

FundiSimu_Makoroboi

Mkuu hapo juu kamaliza upande wa kamera, mimi niseme simu.

Ile kamera ya 2MP iliwekwa zaidi ili idadi ya kamera mgongoni iwe kubwa. Fokasi yake haibadiliki, mara nyingi imefungwa kwenye sentimita 4 hivi, ukiwa 3 au 6 picha imekufa. Iache. Tumia kamera kuu: simama umbali mdogo kabisa inaoweza kushika fokasi (nyingi ni sentimita 8 hadi 12), washa hali ya 50MP, kisha kata picha baadaye. Kwa kawaida simu huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa 12MP, ukiwasha 50MP inaziandika zote. Fanya hivyo kwenye mwanga wa kutosha tu, jioni inaleta chenga.

Ukitaka zaidi, nunua lenzi ya kubana, ile ndogo inayobanwa juu ya kamera ya simu. Usifuate maneno ya 15x na 20x kwenye boksi. Yenye nguvu ya daiopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 10 inakuweka sentimita 10 kutoka kwenye ua, maana umbali ni milimita 1000 kugawanya kwa daiopta. Zile kali sana zinakuweka sentimita mbili, simu yenyewe inaweka kivuli juu ya ua na nyuki wote wanakimbia.

Makosa ya kawaida: kubana kwenye lenzi isiyo sahihi. Funika lenzi moja moja kwa kidole uone ipi inazima picha, hiyo ndiyo kuu. Vua kava, maana likiwa nene lenzi inakaa pembeni na upande mmoja wa picha unakuwa na giza. Zima ubadilishaji wa kamera wa otomatiki, simu nyingi ukisogea karibu zinahamia kwenye kamera pana bila kukuuliza. Weka kitu unachotaka katikati, kingo za lenzi hizi zimelegea na haziponi kwa programu yoyote.

Wekundu: gusa na ushikilie ua mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha buruta kialama cha jua kushuka hadi kama −1. Picha itaonekana nyeusi nyeusi kwenye kioo. Iache hivyo hivyo, mishipa imo ndani na utaing'arisha baadaye.

BustaniIsamilo

Mnaongelea mashine tu, ua lenyewe hamjaligusa.

Mwalimu, haibiskasi inachanua asubuhi na kwa kawaida jioni inajikunja, haina kesho. Chavua ni mbichi na imeshika vizuri saa chache za mwanzo. Baada ya hapo nyuki na chozi wameshapukuta na upepo umemalizia. Panga kuwa bustanini kabla ya saa 2. Na chagua haibiskasi ya petali tano za tabaka moja. Ile ya matabaka mengi stameni zake nyingi zimegeuka petali, utatafuta bomba usilione.

Ukishaipata, angalia ncha: kuna vichwa vitano vya stigma (sehemu inayopokea chavua), kila kimoja kama kichwa cha pini kilichovishwa mahameli. Chini yao ndiyo stameni, vijikono vingi vinavyotoka kwenye bomba, kila kimoja na kifuko cha chavua ya njano. Shingo ya stigma inapita *ndani* ya bomba hilo la stameni, na hilo ndilo wanafunzi hawalielewi kwa mchoro. Chukua wembe mpya, pasua ua kutoka chini ya kalisi (kikombe cha kijani kinachoshika petali) kwenda juu, katikati kabisa, laza nusu yake kwenye karatasi ya manila nyeusi. Utaona shingo imepita ndani ya bomba hadi kwenye ovari (kifuko cha mbegu changa), na ovari ina vyumba. Ukiikata nyingine kwa upana unahesabu vitano. Haibiskasi ina ute, nao unang'aa vibaya kwenye picha. Gusa na tishu, usifute, kisha lete mwanga wa ubavuni.

Chini ya kalisi kuna duara la pili la vijani vyembamba. Wengi wanaviruka. Vimo kwa ndugu zake wengi wa ukoo huu, hata choya (rosela) anavyo, na ni vinene zaidi kwake.

Bogenvilia: kile chenye rangi si petali. Ni majani matatu yaliyobadilika. Maua halisi ni vibomba vitatu vyembamba vyeupe au vya rangi ya maziwa, kila kimoja kimeshikamana na mshipa wa kati wa jani lake. Havifunguki vyote pamoja, kwa hiyo tafuta kishada ambacho kimoja kimefunguka, kimoja bado, picha moja inaeleza mambo mawili. Piga kutoka juu kidogo ili jani lenye rangi liwe mandhari.

Lantana maua ya pembeni yanafunguka kwanza, ya katikati mwisho. Zile zinazofunguka njano hubadilika kuwa rangi ya chungwa, pinki au nyekundu kadiri zinavyozeeka, kwa hiyo kichwa kimoja kinakuonyesha umri wa kila ua bila kuuliza. Alizeti ni hivyo hivyo, pembeni kwenda ndani: duara la nje kabisa utakuta stigma zimeshagawanyika mbili na kujikunja, duara linalofuata ndiyo kwanza linasukuma chavua nje, katikati ni vichipukizi vilivyofunga. Piga kipande kutoka ukingo hadi katikati, usihangaike na kichwa kizima.

Ticha_Bwiru

Asanteni sana wakuu, shikamoo Mama Bustani. Nina maswali yaliyobaki. Upepo: huku kwetu ikifika saa nne au tano unatoka ziwani na maua hayatulii, traipodi itasaidia? Gugumaji nalipigaje? Na matone ya maji juu ya petali, kuna mtu kaniambia yanapendezesha, nichanganye gliserini?

KiooNyegezi

Traipodi inatuliza kamera. Ua haliijui. Piga hesabu: ua likitembea sentimita moja tu kwa sekunde, ndani ya 1/250 limeshasogea milimita 0.04. Kwa ukuzaji wa 0.9 na kihisi cha 24MP, huo ni ukungu wa mwendo wa karibu pikseli 10. Punje ya chavua ya haibiskasi, ambayo ni kubwa kuliko za maua mengi, ina milimita 0.1 na ushee, yaani pikseli 20 na kitu. Nusu ya punje imeshafutika.

Kwa hiyo kwanza ni saa. Nchi kavu ikishapata joto ndipo upepo unaanza kuvuta kutoka ziwani, asubuhi mapema kunakuwa kumetulia. Kumbuka Mwanza tuko magharibi ya Dar lakini saa ni moja: jua letu linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na utosini linafika karibu saa 7 kasoro dakika 12. Dirisha lako ni saa 1 hadi saa 3 na nusu. Pili, tumia hayo mawe ya Bwiru. Upande wa nyuma wa jiwe kubwa ni kimya hata ziwa likichafuka.

Tatu, funga kikonyo. Chomeka kijiti cha mishikaki ardhini, funga kibanio cha nguo juu yake kwa bindingi waya, bana kikonyo sentimita tatu nne chini ya ua. Weka kipande cha sponji kwenye meno ya kibanio, la sivyo unaponda kikonyo na ua linalegea kabla hujamaliza.

Jua likishakuwa kali, tandaza chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili kati ya jua na ua, karibu na ua kadiri iwezekanavyo bila kuingia kwenye picha. Kikiwa mbali hakilainishi, kinapunguza mwanga tu. Upande wa kivuli weka karatasi nyeupe ya A4.

Kuhusu wekundu kwenye Canon: kamera inapima wastani wa mwanga, na kwa ua jekundu rangi ya kijani na bluu zinakuwa chini, hivyo wastani unaonekana sawa wakati nyekundu imeshafurika. Washa histogramu (mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye picha) ya rangi tatu, si ile nyeupe moja. Punguza mwanga mpaka nyekundu iache kugonga ukuta wa kulia, kwa kawaida ni −2/3 hadi −1 na theluthi. Badilisha mtindo wa picha kutoka ule wa kawaida kwenda Neutral, na hifadhi RAW (faili ghafi ya kamera).

Gugumaji: usitie mguu majini. Kichocho kipo kandokando ya ziwa, na mamba na viboko hujificha kwenye sehemu zenye magugu. Njia ya kufaa ni lenzi ndefu na kioo cha kuongezea mbele. Ukiazima 55-250 ukaifunga kioo cha daiopta 2, ikiwa kwenye 250 unapata ukuzaji wa 0.5 ukiwa nusu mita kutoka kwenye ua. Simama kwenye gati au ukingo mkavu, subiri lile lililosukumwa karibu. Ua lina vipande sita, cha juu kina doa la njano lililozungukwa na buluu iliyokolea, hapo ndipo pa kuweka fokasi. Stameni ni sita, tatu ndefu tatu fupi, na nywele ndogo zenye vichwa zipo upande wa nje wa bomba la ua. Usilibebe mzima kwenda kulipanda bwawani kwako. Liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kichipukizi kimoja kinatosha kuzaa zulia.

FundiSimu_Makoroboi

Gliserini ipo duka la dawa lolote. Changanya nusu kwa nusu na maji, tumia sindano isiyo na ncha kuweka tone moja moja. Tone halikauki haraka kama maji na linakaa duara. Ndani ya tone utaona ua la nyuma limepinduka juu chini, maana tone linafanya kazi ya lenzi. Picha kali sana hizo.

BustaniIsamilo

Kali kwa kadi ya harusi. Kwa somo hapana. Tone linafunika nywele za petali, chavua ikilowa inagandana kuwa uji, na gliserini inanata kwenye ua mpaka vumbi lote linalopita linakaa hapo. Mdudu akitua ananasa. Mwalimu, kama unataka matone subiri umande, au asubuhi ya baada ya mvua. Na zile siku vijidudu vya ziwani vimepaa usiku, pitia petali kwanza na brashi laini ya rangi, utakuta vimejibandika kila mahali na kwenye picha vinaonekana kama ugonjwa.

FundiSimu_Makoroboi

Sawa mama, nimenyoosha mikono kwa upande wa somo. Kwenye kadi siachi.

KiooNyegezi

Nakubaliana na Mama Bustani, pamoja na kwamba lile la kupinduka ni somo zuri la Fizikia.

La kuongezea: nusu ya haibiskasi iliyopasuliwa huwezi kuipata yote kali kwa picha moja, kwa sababu haijalala sawasawa. Hiyo piga ndani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, kamera kwenye traipodi, f/8, saa ya kujipiga ya sekunde 2. Sogeza fokasi kidogo kidogo kuanzia sehemu iliyo karibu zaidi na lenzi hadi ya mwisho, hatua za kama nusu milimita, picha zipishane. Kipande chenye unene wa milimita 8 kinataka picha 16 au zaidi. Ziunganishe kwa Helicon Focus au Zerene Stacker, na kama hutaki kulipia, Hugin ina programu ndogo za align_image_stack na enfuse, zote za bure. Fanya haraka, ua lililopasuliwa linanyauka na kingo zinajikunja katikati ya kazi. Ukiona mstari wa petali umejirudia mara mbili kwenye picha iliyounganishwa, ndiyo hiyo sababu.

Na tyubu zikishafika, usiziache kwenye begi la nguo pamoja na lenzi. Unyevu wa ziwani unaotesha kuvu kwenye kioo. Boksi la plastiki linaloziba vizuri, silika jeli gramu 100, ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 uirudishe. Mchele hausaidii, unaacha vumbi la wanga.

Ticha_Bwiru

Nimeagiza seti yenye pini. Wakati inasubiriwa naanza na simu kwa bogenvilia kesho saa 1, nyuma ya jiwe. Mama Bustani, wembe naupitisha upande gani wa kalisi ili ovari isipondeke?

BustaniIsamilo

Usianze na kalisi. Ondoa petali moja kwanza kwa kuivuta chini, upate nafasi ya kuliona bomba. Laza ua ubavu kwenye manila, shika kikonyo, weka wembe kwenye kikonyo na uvute kwenda nchani kwa mkato mmoja, bila kusaga mbele na nyuma. Ovari ukiisaga inatoa ute na vyumba vinaungana. Kata maua matatu, moja litatoka sawa.